Mshipa Uliotuna Tumboni: Hatari Isiyopiga Hodi



Malalamiko ya tumbo tunayajua vizuri sisi tunaolea jamaa. Mtoto akijikunyata tunauliza amekula nini. Baba akishika tumbo baada ya chakula tunafikiri ni vidonda. Bibi akilalamika tunakumbuka choo kigumu. Karibu kila ugonjwa wa tumbo hutoa taarifa mapema, kwa maumivu, kwa kuhara, kwa kutapika au kwa homa. Mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja usio na desturi hiyo. Unaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mwenyewe kujua, kisha siku moja ukaleta msiba kabla jirani hajapata gari la kumpeleka mgonjwa hospitali. Ni ugonjwa wa kutuna kwa mishipa mikubwa ya damu iliyo tumboni, ambao madaktari huuita anurisimu.

Tumechagua somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi upo ufundi wa kutibu mishipa hiyo bila kupasua tumbo, na jamaa nyingi zinapoelezwa habari zake hospitalini hazijui ziulize nini. Pili, wengi hudhani kwamba huu ni ugonjwa wa wazee wa kiume peke yao. Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini iko aina yake moja inayowapata hasa wanawake waliozaa, tena hupenda kupasuka wakati wa ujauzito. Tusome kwa utulivu. Hatuandiki ili kutishana, bali ili tujue la kufanya.

Mshipa hutunaje?

Damu hutoka moyoni kwa kupitia mshipa mkuu uitwao aota. Mshipa huu hupanda kidogo, hupinda kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo mpaka tumboni. Huko hutoa matawi ya kwenda kwenye ini, bandama, utumbo na figo. Karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Kwa mtu mzima, aota ya tumboni ina upana wa sentimita 2 hivi, kama unene wa kidole gumba.

Bila shaka mmewahi kuona mpira wa ndani wa baiskeli iliyochakaa. Mahali palipodhoofika hutokeza kinundu. Kadiri fundi anavyojaza upepo, kinundu hukua, na kadiri kinavyokua mpira wake huwa mwembamba zaidi. Ndivyo ilivyo kwa mshipa. Ukuta ukidhoofika, nguvu ya damu inayopigwa na moyo usiku na mchana huusukuma nje kidogo kidogo. Upana wa aota ya tumboni ukifika sentimita 3, tayari huhesabiwa kuwa ni anurisimu. Wengi hukua polepole, milimita 2 au 3 kwa mwaka, bila maumivu yoyote. Ukipasuka, mambo hubadilika mara moja. Katika kila watu 10 waliopasukiwa na mshipa huo mkuu, wapatao 8 hufariki, na wengi wao hawafiki hospitali.

Nani yumo hatarini?

Mwenye hatari kubwa kuliko wote ni mwanamume aliyepita miaka 65 ambaye amevuta sigara, hata kama aliacha zamani. Sigara ndiyo adui wa kwanza wa ukuta wa mshipa. Hufuata wenye presha isiyotibiwa, wenye mafuta mengi katika damu, na wale ambao mzazi wao au ndugu yao wa tumbo moja aliwahi kuwa na ugonjwa huu. Wanaume huupata mara 4 mpaka 6 zaidi ya wanawake. Lakini mwanamke akishaupata, mshipa wake hupasuka ukiwa na upana mdogo kuliko wa mwanamume. Ndiyo maana kwa wanaume madaktari hufikiria matibabu upana ukifika sentimita 5.5, na kwa wanawake hufikiria tangu sentimita 5.

Huku kwetu Afrika tusisahau jambo jingine. Wapo vijana ambao mishipa yao hutuna kwa sababu ya maambukizi, kama kaswende iliyokaa muda mrefu bila tiba, kifua kikuu, au vijidudu vingine vilivyoingia katika damu. Katika hospitali za kusini mwa Afrika wameonekana pia vijana wenye virusi vya UKIMWI waliopatwa na hali hii. Kwa hiyo mtu asiambiwe kwamba haiwezekani kwa kuwa tu ni kijana.

Yanayotuhusu sisi akina mama

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, iko upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Mshipa unaoipelekea damu ni wa tatu kwa kutuna tumboni, baada ya aota na matawi yake yaendayo miguuni. Hapa hesabu hugeuka. Wanawake hupatwa mara 4 zaidi ya wanaume, na hasa wale waliozaa mara nyingi. Wakati wa ujauzito mwili hutoa homoni zinazolegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia, na homoni hizo hulegeza kuta za mishipa pia. Wakati huo huo damu ya mama huongezeka. Mimba baada ya mimba, ukuta unachoka. Vilevile hupatwa watu wenye shinikizo kubwa katika mshipa uingiao kwenye ini, shinikizo ambalo kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria linaweza kuletwa na kichocho cha matumbo.

Ukipasuka kwa mama mjamzito, mara nyingi huwa katika miezi 3 ya mwisho. Mama hushikwa ghafula na maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto, pengine yakipanda mpaka bega la kushoto. Hutokwa na jasho la baridi, hulegea, huzimia. Sisi wauguzi na wakunga hufikiri kwanza kondo la nyuma limeachia au mji wa mimba umepasuka, kwa kuwa hayo ndiyo tunayoyaona mara kwa mara.

Tena kuna udanganyifu wa kuangaliwa sana. Kwa baadhi ya wagonjwa, damu hujikusanya kwanza katika nafasi ndogo iliyo nyuma ya tumbo la chakula na kujizuia kwa muda. Mama anapata nafuu, anakaa, hata anaomba uji. Baada ya saa kadhaa, au hata siku moja au mbili, damu hufurika tumbo zima. Katika taarifa za kitabibu za zamani, akina mama kama 3 kati ya 4 waliopasukiwa wakiwa wajawazito walifariki, na watoto zaidi ya 9 kati ya 10. Taarifa za miaka ya karibuni zina nafuu, kwa sababu ya upasuaji wa haraka na damu ya kutosha. Kwa hiyo mjamzito akizimia kwa maumivu ya tumbo kisha akapata ahueni, ahueni hiyo isiwe sababu ya kumrudisha nyumbani. Abaki hospitalini, apimwe kwa ultrasaundi, damu iandaliwe.

Ugonjwa huu si wa kawaida, na mama mwenye mimba asikose usingizi kwa kuusoma hapa. Tunachoomba ni kwamba maumivu ya ghafula ya namna hiyo yasitibiwe kwa chai ya tangawizi na kusubiri asubuhi.

Huonekana kwa kipimo gani?

Mashine ile ile ya ultrasaundi inayotuonyesha mtoto tumboni ndiyo inayopima upana wa aota. Hakuna sindano wala maumivu, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Uingereza huwaita wanaume wote kwa kipimo hiki katika mwaka wanaotimiza miaka 65. Mwenye sentimita 3 mpaka 4.4 huangaliwa kila mwaka. Mwenye 4.5 mpaka 5.4 huangaliwa kila baada ya miezi 3. Akifika 5.5 hupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Utafiti uliofanywa Uingereza na Marekani ulionyesha kwamba kuwapasua watu kabla ya kufika kipimo hicho hakukuwaongezea maisha. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Mzee, tutakuangalia tu," asidhani amepuuzwa.

Kwetu hakuna barua ya kumwita mzee kliniki. Ni juu yetu kuuliza. Baba akipelekwa kupimwa tezi dume au figo kwa ultrasaundi, tumwombe mtaalamu atazame na aota wakati huo huo.

Je, mkono unaweza kuugundua? Wakati mwingine. Juu kidogo ya kitovu mtu huhisi kitu kinachodunda sambamba na moyo. Lakini kwa mtu mwembamba mdundo wa kawaida huhisika pia, na kwa mnene hata uvimbe mkubwa unaweza usihisike. Kipimo ndicho kinachoamua. Tena tusibonyezebonyeze.

Tangu cherehani mpaka tundu la kinena

Habari ya matibabu haya itawafurahisha wale wenye cherehani nyumbani. Zamani madaktari walijaribu kuuzungushia mshipa kitu cha kuubana. Mwanasayansi Albert Einstein alipasuliwa huko Brooklyn, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1948, na daktari Rudolph Nissen akauzungushia mshipa wake karatasi ya selofani. Aliishi zaidi ya miaka 6 baada ya hapo. Mshipa ulipopasuka Aprili 1955, alikataa kupasuliwa tena, akafariki akiwa na umri wa miaka 76.

Mwaka 1951 daktari Charles Dubost wa Paris aliweza kukata kipande kilichotuna na kuweka mahali pake mshipa uliotolewa kwa mtu aliyefariki. Lakini mishipa ya namna hiyo ilikuwa haba, na haikudumu. Katika miaka hiyo ya 1950 daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alikwenda dukani kutafuta kitambaa cha nailoni. Nailoni ilikuwa imekwisha, akauziwa Dacron, ambayo ni aina ya poliesta. Akaketi kwenye cherehani ya mkewe akashona mirija. Kushona alifundishwa na mama yake alipokuwa mtoto. Kitambaa hicho kilikubaliana na mwili wa binadamu, na mpaka leo mirija ya poliesta inatumika ulimwenguni kote.

Upasuaji huo mkubwa unaendelea kufanyika, tena kwa mafanikio. Mgonjwa hupewa nusukaputi, tumbo hufunguliwa tangu chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, aota hubanwa kwa muda, na mrija wa kitambaa hushonewa mahali palipotuna. Kwa kawaida hukaa chumba cha wagonjwa mahututi kwanza, kisha wodini, jumla yake kama wiki moja au zaidi. Kupata nguvu kamili nyumbani huchukua miezi 2 au 3.

Wengine hawawezi kuvumilia mzigo huo kwa sababu ya moyo au mapafu. Ndipo ukaja ufundi wa kupitia ndani ya mshipa. Mwaka 1987 daktari Nikolai Volodos wa Kharkiv, Ukraine, alitibu kwa njia hiyo mshipa mkuu wa kifuani, lakini habari zake hazikuenea haraka nje ya nchi yake. Septemba 1990, huko Buenos Aires, Argentina, daktari Juan Parodi aliweka mrija kwa njia hiyo katika aota ya tumboni. Marekani iliruhusu vifaa vya kwanza viuzwe mwaka 1999, na leo sehemu kubwa ya wagonjwa wa huko hutibiwa namna hii.

Hufanyikaje?

Kwanza mgonjwa hupigwa picha za siti skani, akiwa amechomwa dawa inayoifanya damu ionekane. Daktari hupima urefu, upana na mipindo ya mshipa kama fundi nguo anavyochukua vipimo, kwa maana mrija usipotosha hautakaa.

Siku yenyewe, mgonjwa hupewa nusukaputi au ganzi. Daktari hutoboa tundu, au hukata sehemu ndogo, kwenye kinena cha kila upande. Hupitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa paja mpaka juu ya palipotuna, akitazama kwenye kioo cha eksirei. Juu ya waya hupitisha mrija wa kitambaa wenye kiunzi cha chuma, uliokunjwa ndani ya ala nyembamba. Ukifika mahali pake, ala huvutwa nyuma na mrija hufunguka kama mwavuli, ukashika ukuta mzima juu na chini ya uvimbe. Kwa kuwa aota hugawanyika mara mbili, mrija nao huwa na miguu miwili kama suruali, na mguu wa pili huungwa kupitia kinena cha upande wa pili.

Tangu hapo damu hupita ndani ya mrija, na ukuta dhaifu hausukumwi tena. Ni kama fundi anayepachika kipande cha tairi ndani ya tairi iliyochakaa. Kazi huchukua saa 2 au 3, na wengi huruhusiwa baada ya siku 1 mpaka 3.

Kwa mshipa wa bandama njia ni ile ile, ila mara nyingi kinachopelekwa ni nyuzi ndogo za madini ya platinamu zilizojiviringa. Hujazwa ndani ya uvimbe au kuuziba mshipa wenyewe, damu isiingie tena. Bandama hupata damu pia kutoka matawi mengine madogo, kwa hiyo mara nyingi hupona. Sehemu yake ikikosa damu, mama anaweza kuwa na homa na maumivu kwa siku kadhaa. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa upasuaji wa mishipa cha Marekani kilishauri kwamba mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atibiwe hata uvimbe ukiwa mdogo, bila kusubiri kipimo fulani. Basi, mama akiambiwa anao, alizungumze na daktari kabla ya kushika mimba nyingine, si baada.

Tundu dogo lina deni lake

Hapa tunaomba msomaji asituache, kwa sababu wengi husikia habari ya tundu dogo wakaishia hapo. Uingereza ilifanya utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1999, ukilinganisha njia hizi mbili kwa watu waliokuwa na afya ya kuweza kupasuliwa. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba ndani ya siku 30, walifariki karibu 5 katika kila 100 waliopasuliwa tumbo, na karibu 2 katika kila 100 waliowekewa mrija kwa ndani. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini wagonjwa wale waliendelea kufuatiliwa, na taarifa ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba baada ya miaka 8 hivi faida ile ilikuwa imegeuka, na waliopasuliwa tumbo ndio waliokuwa wakiishi zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba mrija unaweza kusogea, au damu ikapata njia ya kupenya pembeni yake, uvimbe ukaendelea kukua na kupasuka baadaye.

Kwa hiyo aliyewekewa mrija huu hatuwezi kumwambia, "Umepona, usirudi." Anatakiwa apimwe maisha yake yote, kwa kawaida kila mwaka, kwa siti skani au ultrasaundi. Wapo wanaorudishwa chumba cha matibabu kwa marekebisho. Aidha, dawa ya siti skani inaweza kuzidhuru figo zilizo dhaifu. Tena si kila mshipa unafaa. Panatakiwa pawe na kipande kizima cha kutosha, kati ya mishipa ya figo na mahali uvimbe unapoanzia, ili mrija upate pa kushikia.

Barua ya mama mmoja

Mama mmoja ametuandikia kuhusu baba yake. Mzee ana miaka 74, amevuta sigara tangu ujana, na anaishi kijijini, safari ya siku nzima kutoka hospitali ya rufaa. Alipopimwa tezi dume alionekana na mshipa wenye upana wa sentimita 6. Daktari alieleza njia zote mbili. Kaka zake huyu mama wamegawanyika. Mkubwa anataka mzee apelekwe nje ya nchi akawekewe mrija, hata kama ni kwa kuuza shamba. Mdogo anasema mzee haumwi popote, aachwe na amani yake. Ndugu hao hawasalimiani sasa. Mama huyu anauliza, "Tumsikilize nani?"

Dada mpendwa, katika barua yako ndefu hatukuona mahali mzee mwenyewe alipoulizwa. Mshipa ni wake. Anza na yeye. Keti naye bila kaka zako, mweleze kwa lugha ya nyumbani, kisha sikiliza anachokiogopa. Wazee wengi hawaogopi kufa kuliko wanavyoogopa kuwafilisi watoto.

Kwa mdogo wako tungesema hivi: kutoumwa si ushahidi. Uvimbe wa sentimita 6 umepita kipimo cha kutibiwa, na hatari ya kupasuka huongezeka kadiri unavyokua. Kumwacha ni uamuzi, tena mzito, na ukifanywa ufanywe kwa kujua.

Kwa kaka yako mkubwa tungesema hivi: shamba litalipa safari ya kwanza. Nani atalipa ya mwaka kesho, na ya mwaka wa tano? Mrija usiofuatiliwa ni kama dawa ya presha iliyoachwa njiani. Ikiwa moyo, mapafu na figo za mzee ni nzima, na mnajua hamtaweza kumrudisha kupimwa, huenda upasuaji mkubwa uliofanywa karibu zaidi ukamfaa kuliko tundu dogo la mbali. Ikiwa moyo au mapafu ni dhaifu, na mnaweza kumweka karibu na hospitali, mrija una faida. Na ikiwa mwili wake hauwezi upasuaji wowote mkubwa, mjue kwamba utafiti mwingine wa Uingereza, kwa wagonjwa dhaifu namna hiyo, ulionyesha kuwa mrija haukuwarefushia maisha kwa ujumla. Kwa mzee wa namna hiyo, kutunzwa nyumbani na watoto wanaosalimiana si uzembe.

Tunashauri mwende nyote watatu pamoja na mzee kwa daktari wa mishipa, mkiwa mmeandika maswali haya:

1. Umbo la mshipa wake linafaa kwa mrija?
2. Moyo, mapafu na figo vina hali gani?
3. Hospitali hii hufanya kazi hii mara nyingi kiasi gani?
4. Gharama yote ni kiasi gani pamoja na vipimo vya kila mwaka, na bima yetu inalipa nini?
5. Kama tukisubiri, tukiona nini tukimbie?

Vifaa vya matibabu haya huagizwa kutoka nje na bei yake ni kubwa. Lakini msianze na ndege. Wataalamu wa kutibu kwa kupitia mishipani wanaongezeka kwetu. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mafunzo yao yalianza mwaka 2018 kwa ushirikiano na walimu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Ombeni rufaa kwanza, mjue linalowezekana hapa nyumbani na lisilowezekana.

Na njia yoyote mtakayochagua, mzee aache sigara tangu leo na ameze dawa ya presha kila siku. Hayo hayahitaji shamba.

Tunapotembelea wagonjwa husikia pia watu wakisema kwamba aliyeombewa hahitaji kisu. Sisi tunaosali kando ya vitanda, na tunaofunga vidonda kwenye vitanda hivyo hivyo, hatujaona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Mwombeeni mzee, na siku ya kliniki mpelekeni.

Kumtunza nyumbani aliyewekewa mrija

Kwa siku za kwanza tazameni vinena kila siku. Alama ya bluu ya damu na maumivu kidogo ni kawaida. Uvimbe unaokua, damu inayotoka, usaha au homa si kawaida. Damu ikitoka, bonyeza kwa nguvu mahali hapo kwa kitambaa safi, mgonjwa akiwa amelala chali, na aitwe msaidizi. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka au unauma ghafula, ni dharura, maana damu haifiki. Asibebe ndoo wala gunia mpaka daktari aruhusu. Kutembea taratibu ni vizuri. Kadi yenye jina la kifaa na tarehe ihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki, na kila daktari aonyeshwe.

Dalili za kukimbia

Maumivu makali ya ghafula ya tumbo, mgongo au kiuno kwa mtu mwenye umri mkubwa, hasa mvutaji sigara, yakiambatana na jasho la baridi, kizunguzungu au kuzimia, yasihesabiwe kuwa mawe ya figo au chango. Fanyeni haya:

Kwanza, msimkande wala kumchua tumbo. Pili, msimpe chakula, kinywaji wala dawa za miti shamba. Tatu, alazwe chali na kufunikwa shuka. Nne, apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, na kama yupo mwenye simu atangulize habari. Tano, ndugu wawili au watatu wenye afya waende naye tayari kutoa damu. Kama mgonjwa alikwisha kuambiwa ana mshipa uliotuna, semeni hivyo mlangoni kabla ya maneno mengine yote.

Akina mama, mwezi huu tufanye kazi ndogo. Tuulize katika jamaa zetu, upande wetu na upande wa mume, kama yuko mtu aliyekufa ghafula kwa maumivu ya tumbo au mgongo, tuandike jina lake na umri wake. Tuangalie ni mzee gani amepita miaka 65 na amevuta sigara, tumpeleke akapimwe. Na ambaye yuko katika miezi ya mwisho ya ujauzito, awaambie wa nyumbani mwake maneno tuliyoandika juu ya bandama, kwa sababu siku ya maumivu si yeye atakayekuwa na nguvu za kueleza.

Barua zenu tunazisoma zote. Mama aliyetuandikia, tunangoja habari za mzee, na za kaka zako pia.